Chungu cha umeme cha kupikia polepole: kipi kinafaa jikoni, na kwa chakula kipi

Mnunuzi anayeingia katika duka la vifaa vya jikoni pale Kariakoo akaulizia sufuria ya umeme inayopika polepole, ile ambayo boksi lake huandikwa "slow cooker", kwa kawaida huonyeshwa vitu vitatu vinavyotofautiana sana, ingawa muuzaji huvizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja. Cha kwanza ni chungu cha kaure kilichotumbukizwa ndani ya kasha la chuma, chenye swichi moja ya kuzungusha na basi. Cha pili kinafanana nacho kwa umbo, ila kina skrini na vitufe vya kupanga saa. Cha tatu ni jiko la presha la umeme ambalo, katikati ya vitufe vyake kumi na zaidi, lina kimoja cha kupika taratibu. Muuzaji atakusukumia chenye vitufe vingi, kwa kuwa ndicho chenye bei kubwa. Tathmini hii inakitetea kile cha kwanza, lakini kwa sharti ambalo dukani halisemwi: nyumba ambayo sufuria yake kuu ya kila siku ni maharage haipaswi kuanza na chungu cha kupika polepole cha aina yoyote.

Ili sharti hilo lieleweke, inafaa kwanza kujua kifaa chenyewe hufanya nini. Ndani ya kuta za kasha umezungushwa waya wa joto wenye nguvu ndogo mno ukilinganisha na vifaa vingine vya jikoni: chungu cha lita 3.5 huwa na wati 160 hadi 210 hivi, na kile cha lita 6 huwa kati ya wati 240 na 320, ilhali birika la umeme la kawaida hufikia wati 2,000. Joto hupanda pole pole kupitia ubavuni mwa chungu, kifuniko cha kioo huzuia mvuke usitoke, na chakula hujipikia ndani ya maji yake kwa saa nyingi bila kuchemka kwa fujo. Watumiaji wengi hudhani kwamba alama ya "low" maana yake ni joto dogo na "high" ni joto kubwa. Kwa vyungu vingi vya swichi sivyo. Viwango vyote viwili hukifikisha chakula mahali pamoja, karibu na kuchemka, na tofauti iko katika mwendo wa kufika huko. Kwa "high" safari hiyo huchukua saa 3 au 4, na kwa "low" huchukua saa 7 au 8.

Mwendo huo mrefu ndio thamani yote ya kifaa hiki. Nyama yenye mishipa na ngozi ngumu imejaa kolajeni, ile protini ngumu inayoikaza nyama, na kolajeni huanza kulainika na kugeuka jelatini inapokaa kwa saa kadhaa katika joto linalozidi nyuzijoto 70 hivi. Nyama yetu ya ng'ombe, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na ng'ombe wa kienyeji waliotembea malishoni miaka yao yote, ina mishipa hiyo kwa wingi, na ndiyo maana nyama ya shingo, ya mguu au ya mkia, ambayo mpishi mwenye haraka huiepuka buchani, hutoka katika chungu hiki ikiwa inakatika kwa kijiko. Supu ya makongoro ndiyo kipimo changu cha kwanza kwa chungu chochote. Kwato zilizosafishwa na kukatwa vipande, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na maji ya kuzifunika, vikiwekwa kwa "low" usiku kucha, hutoa supu nzito inayonata mdomoni, bila mtu kuamka kuongeza maji na bila jiko la mkaa kuwaka hadi alfajiri. Mtori wa Kilimanjaro nao umo katika kundi hili, mradi nyama ianze peke yake na ndizi ziingie katika saa mbili za mwisho, maana ndizi zikiingia mapema hukaa chini na kushika.

Lakini chakula ambacho kimekutana na kifaa chake ni boko boko. Ngano iliyokobolewa na nyama, vinavyopikwa pamoja kwa saa nyingi hadi visiweze kutenganishwa na kisha kupondwa na kumwagiwa samli, ni kazi ambayo Zanzibar, Mombasa na Muscat imefanywa kwa vizazi juu ya moto mdogo unaochungwa na mtu. Chungu cha umeme humwondolea mtu huyo zamu ya kuchunga. Kazi ya kuponda na kusonga na mwiko inabaki palepale, na anayetarajia kitufe kimfanyie na hiyo atavunjika moyo. Hata hivyo, ngano haishiki chini kirahisi kama inavyofanya katika sufuria juu ya gesi, kwa sababu joto linatoka ubavuni na si kitakoni tu. Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio wa saa hukaa sawa bila kulazimishwa: chungu kikiwashwa saa 2 usiku baada ya futari, kufika saa 10 usiku chakula cha daku kiko tayari na moto bado umo.

Sasa nirudi kwenye maharage. Kifaa hiki kilizaliwa kwa ajili ya maharage hasa. Mvumbuzi wake, Mmarekani Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza mwaka 1940, naye alisimulia kwamba wazo lilitokana na chakula cha Kiyahudi kiitwacho cholent, cha maharage na nyama, ambacho huko Lithuania ya bibi yake kiliachwa usiku kucha katika tanuri la mwoka mikate lililokuwa likipoa, kwa kuwa siku ya Sabato Wayahudi hawakuruhusiwa kuwasha moto. Alikiuza chungu chake kwa jina la Naxon Beanery, na ni baada ya kampuni ya Rival kuinunua biashara yake mwaka 1970 ndipo kifaa kilipoingia sokoni upya mwaka uliofuata kwa jina la Crock-Pot, ambalo hadi leo Wamarekani wengi hulitumia kwa chungu chochote cha namna hii. Pamoja na nasaba hiyo yote, mimi simshauri mtu akinunue kwa ajili ya maharage, na sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni usalama. Maharage mabichi, hasa mekundu yale makubwa, yana sumu ya asili ya kundi la lektini ambayo huharibiwa na mchemko mkali, lakini haiharibiwi na joto la wastani. Ikipashwa joto la nyuzi 80 hivi bila kuchemka, ukali wake unaweza hata kuongezeka. Mlaji hupatwa na kichefuchefu na kutapika sana ndani ya saa chache, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumfikisha huko. Dawa yake inajulikana na ni rahisi: maharage yalowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika zisizopungua 10, na bora 30, kabla hayajaingia katika chungu cha kupika polepole. Anayeyatupa makavu ndani ya chungu asubuhi na kwenda kazini, kama picha ya kwenye boksi inavyomshawishi, anacheza na matumbo ya watu wake.

Sababu ya pili ni umeme na muda. Jiko la presha la umeme hupandisha joto zaidi ya nyuzijoto 110, hivyo maharage yaliyolowekwa huiva chini ya saa moja, na kwa kuwa kasha lake limezibwa vizuri na waya wake huzima mara presha inapotimia, sufuria moja ya maharage mara nyingi haifiki nusu uniti. Kwa wakazi wa nyanda za juu faida hiyo huongezeka maradufu. Jijini Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Mbeya haiko mbali na hapo, na huko Arusha joto hilo la kuchemka limezidi kidogo tu. Chungu cha kupika polepole hakiwezi kuvuka joto hilo hata kikiachwa hadi kesho, na githeri au makande yenye mahindi makavu yatamchosha mpishi kabla hayajalainika. Kwa hiyo, mwenye fedha ya kifaa kimoja tu na anunue jiko la presha la umeme. Chungu kinachozungumziwa hapa ni kifaa cha pili, kwa nyumba inayopenda nyama yenye mifupa, supu nzito na vyakula vya ngano, na ambayo watu wake hawapo mchana.

Kuhusu gharama, hesabu si ngumu na kila mtu anaweza kuirudia kwa chungu chake mwenyewe. Wati 200 zikiwaka mfululizo kwa saa 8 ni uniti 1.6. Mteja wa kawaida wa nyumbani nchini Tanzania, anayekatwa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo anaponunua LUKU, atakuwa ametumia kama shilingi 570, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, kwa sababu alama ya "low" huvuta umeme pungufu. Kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, linalolipa kama shilingi 122 kwa uniti, itatumia chini ya shilingi 200. Hapo pana jambo la kuangalia: kundi hilo lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na chungu kinachowashwa kila siku kwa hesabu hiyo ya juu hula uniti 48 peke yake. Nyumba yenye friji na pasi haitabaki ndani ya ukomo. Kwa matumizi ya mara mbili au tatu kwa wiki, kama ambavyo mimi naona kifaa hiki kinastahili kutumiwa, mzigo huo hauonekani.

Tangu serikali izindue mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, vifaa vya umeme vya jikoni vimetangazwa sana, na matangazo mengi husifu teknolojia kana kwamba umeme haukatiki. Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji kwa nguvu zaidi. Mgao umepungua tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingia kwenye gridi mwaka huohuo, lakini kukatika kwa dakika ishirini kwa sababu ya tawi la mti kuangukia waya mtaani, au uniti kuisha mchana nyumba ikiwa haina mtu, ni mambo yasiyohusiana na bwawa lolote. Chungu chenye swichi ya kuzungusha, umeme ukikatika na kurudi, huendelea pale kilipokuwa, kwa sababu swichi yake haina kumbukumbu ya kupoteza. Imekaa kwenye "low" na itabaki kwenye "low". Chungu chenye skrini, kwa aina nyingi zinazouzwa, huamka kikiwa kimezimwa, kikimulika namba na kumsubiri mtu aje abonyeze. Mtu huyo yuko Posta kwenye foleni, na nyama inapoa ndani ya chumba cha jikoni chenye joto la nyuzi 32.

Jambo hili si la kupuuzwa, kwa sababu vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na chungu kinachopoa polepole hukaa katika eneo hilo kwa muda mrefu kuliko sufuria ya kawaida, maana kaure huhifadhi joto. Mpishi aliyepo nyumbani umeme unapokatika ana njia: kama chakula hakijaiva, akihamishie mara moja katika sufuria na kukimalizia kwa gesi au mkaa, kama kimeshaiva, kinaweza kukaa humo kimefunikwa kwa saa mbili hivi. Aliyekuwa hayupo, na akakuta dalili kwamba umeme ulikatika kwa muda asioujua, anapaswa kukimwaga hata kama kinanukia vizuri. Najua ushauri wa kumwaga kilo ya nyama haupendezi masikioni, lakini ndio sahihi. Kwa sababu hiyohiyo kile kitufe cha kuchelewesha kuanza, ambacho huruhusu nyama mbichi ikae chunguni saa tatu au nne kabla waya haujawaka, kimetengenezwa kwa ajili ya majiko ya nchi za baridi. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kisitumiwe kwa nyama, kuku wala samaki.

Haki lazima itendeke kwa chungu cha skrini pia. Kina sifa moja ya kweli, nayo ni kwamba muda ukitimia hujishusha chenyewe na kubaki kikiweka chakula moto bila kukipika zaidi. Mfanyakazi anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku hayupo kwa saa 13, na chungu cha swichi kitakuwa kimepika saa zote hizo. Makongoro yatavumilia. Mkia wa ng'ombe utavumilia, ingawa mifupa itakuwa imejitenga. Kuku wa kisasa hatavumilia hata kidogo, kwa sababu yeye anataka saa 3 au 4 tu, na baada ya hapo nyama hugeuka nyuzi kavu zilizoelea katika mchuzi. Wa kienyeji ana subira zaidi, lakini naye ana mwisho. Nyumba yenye inveta ya kutegemewa, au iliyo katika eneo ambalo umeme haukatiki ovyo, inaweza kulipia skrini na kufaidika nayo. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji akiwashe chungu, akipange, kisha achomoe plagi na kuirudisha, ili aone kama kinaendelea au kimesahau. Ni jaribio la dakika moja, na muuzaji akilikataa amekwisha kujibu swali. Na kwa kuwa nimetaja inveta, betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi uniti 1.2 tu ikiwa imejaa, na ile ya asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo haiwezi kuimaliza safari ya saa 8 peke yake.

Ukubwa ni suala ambalo wanunuzi hukosea kwa pande zote mbili. Lita zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa hadi ukingoni, ilhali chungu hupika vizuri kikijazwa kati ya nusu na theluthi mbili. Kikizidi hapo chakula huchelewa kufika kwenye joto salama, na kikipungua mchuzi huungua pembeni. Chungu cha lita 3.5 basi hubeba kama lita mbili za chakula, yaani kilo moja ya nyama pamoja na viungo vyake na mchuzi wa kutosha watu wanne. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilikuta kaya ya wastani ina watu 4.3, kwa hiyo wengi wataona lita 3.5 zinabana siku mgeni anapobisha hodi. Pendekezo langu kwa familia ya watu wanne hadi sita ni lita 4.5 hadi 5, na lita 6 au 6.5 wabaki nazo wale wanaopika kwa wengi mara kwa mara, kwa kuwa kilo moja ya nyama ndani ya chungu hicho hutandazika chini na kukauka. Kuhusu umbo, la yai huingiza kuku mzima au mguu wa mbuzi bila kuvunjwa, na la duara husambaza joto sawasawa zaidi kwa supu na boko boko. Tofauti ni ndogo. Mtu asikose usingizi kwa hilo.

Kinachostahili kufikiriwa zaidi ni namna tunavyoanza mchuzi. Mpishi wa pwani au wa bara hakitupi kitunguu kibichi ndani ya maji: hukikaanga kwanza hadi kibadilike rangi, huongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya, na huzipika hadi mafuta yajitenge ndipo nyama iingie. Chungu cha kaure hakiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu joto lake halifiki popote karibu na la kukaangia, na nyanya mbichi iliyowekwa humo asubuhi huwa bado na ukali wake wa ubichi jioni. Mapishi ya Kizungu yanayoambatana na kifaa hudai kwamba kila kitu kinaweza kuingia kwa pamoja. Mchuzi unaotokana na dai hilo unalika, lakini hauna ladha ya mchuzi. Kukaanga katika kikaango pembeni na kumimina chunguni kunatosha, ila huongeza chombo cha kuosha saa 11 alfajiri. Kampuni ya Uingereza ya Morphy Richards ina toleo liitwalo Sear and Stew ambalo chungu chake cha ndani ni cha alumini badala ya kaure. Hutolewa, huwekwa juu ya gesi, mchuzi ukaungwa humohumo, kisha hurudishwa katika kasha lake la umeme. Kwa mapishi yetu huo ni ubunifu wenye maana kuliko skrini yoyote. Kasoro yake ni kwamba alumini haishiki joto kama kaure umeme ukikatika, na ngozi yake ya kuzuia kushika chini huisha ikikwaruzwa kwa mwiko wa chuma au kusuguliwa kwa waya wa kuoshea sufuria.

Kiasi cha maji nacho kinahitaji mkono kujifunza upya, kwa kuwa mvuke hautoki. Mapishi ya kawaida yapunguziwe maji kwa kama theluthi moja, na kifuniko kisifunuliwe kwa udadisi, maana kila kinapofunuliwa joto hushuka na kuhitaji dakika 20 hadi 30 kurudi. Tui zito la nazi liingie katika nusu saa ya mwisho. Likipikwa saa nane hukatika na kuacha mafuta juu na chenga chini. Tui jepesi linaweza kuanza na nyama. Wali na pilau visijaribiwe humo kabisa. Nyama iliyoganda itoke kwenye friza usiku na iyeyuke ndani ya friji kabla ya kuingia chunguni, kwa sababu chungu huichelewesha mno katika joto la hatari, na pande la barafu likigusa kaure yenye moto linaweza kuipasua.

Hilo la kupasuka linatuleta kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika, ambavyo huingia kwa wingi kutoka Uingereza na Dubai na kuuzwa kwa bei nafuu. Sina ubaya navyo. Kifaa hiki hakina mota wala sehemu inayozunguka, na kikiwa kizima hudumu miaka mingi. Chungu cha ndani kitolewe, kishikwe dhidi ya mwanga na kugongwa taratibu kwa kidole: kinapolia kama kengele ni kizima, na kinapotoa sauti iliyokufa kina ufa hata kama hauonekani. Kifuniko kiwe chake cha asili na kikae bila kuchezacheza. Kipya kikaguliwe alama ya TBS, au ya KEBS kwa walioko Kenya, pamoja na waranti iliyoandikwa. Kwa vyovyote isomwe lebo ya chini ya kasha: lazima iseme volti 220 hadi 240. Vyungu vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani, vikiwemo vya Hamilton Beach na Crock-Pot vilivyotengenezwa kwa soko la huko, ni vya volti 120, na waya wake ukipewa volti 240 huvuta nguvu mara nne ya ile uliyokusudiwa. Hauchukui muda kuungua. Transfoma inaweza kukiokoa, lakini bei yake ikijumlishwa, zawadi hiyo inakuwa ghali kuliko chungu kipya cha hapa.

Baada ya kununua, kipya au kilichotumika, kijaribiwe kwa maji matupu kabla ya kukabidhiwa nyama. Kijazwe nusu, kiwekwe "low" kwa saa 8 bila kufunuliwa, kisha maji yapimwe kwa kipimajoto cha chakula mara tu kifuniko kinapoinuliwa. Yakiwa na nyuzi 85 au zaidi, chungu kinafanya kazi yake. Yakiwa chini ya hapo, kirudishwe dukani siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado ina wino.

Kati ya vyote, basi, chaguo langu la kwanza ni chungu cha kaure cha lita 4.5 hivi, cha swichi ya kuzungusha yenye alama tatu, chungu chake cha ndani kikiwa kinatoka ili kioshwe. Jina la kampuni halina uzito mkubwa hapa. Russell Hobbs, Crockpot ya volti 240 na nyingine zenye vipuri nchini hupika kwa namna ileile, na ni heri jina lisilojulikana lenye kifuniko cha akiba dukani kuliko jina kubwa ambalo kifuniko chake kikivunjika lazima kiagizwe Ulaya. Nafasi ya pili naipa ile ya chungu cha alumini kinachopanda jikoni, na kwa mtu anayeishi peke yake katika chumba chenye jiko moja la gesi ningeipandisha hadi ya kwanza. Cha skrini kinakuja nyuma yao. Kitufe cha kupika taratibu kilichomo katika majiko ya presha nakiweka mwisho, kwa kuwa waya wake uko kitakoni tu, hivyo mchuzi mzito hushika chini huku ubavuni ukiwa haujapata moto wa kutosha. Ila kwa supu nyepesi kinafaa, na aliyekwisha kuwa na jiko hilo anaweza kupikia supu humo kwa miezi michache kabla hajaamua kutumia fedha nyingine.